Kupunguza Tangi la Matumbawe Kabla ya Kuhama Nyumba

Mara yangu ya kwanza kuhama na tangi la maji chumvi nilifanya kila kitu siku moja. Asubuhi nilivunja tangi la lita 200, na usiku nilikuwa napanga mawe yaleyale ndani ya tangi la lita 70 katika nyumba nyingine, mikono ikitetemeka kwa uchovu. Mchanga wa zamani niliumimina vilevile ulivyo, na uchafu wake wa miaka minne. Kesho yake maji yalikuwa meupe kama tui, amonia (sumu itokanayo na kinyesi na mabaki yanayooza) imepanda, na tumbawe la nyundo nililolilea tangu likiwa na vichwa viwili lilianza kunyofoka nyama kwenye mifupa. Sikuweza hata kujua kosa liko wapi: safari, mchanga, au udogo wa tangi?

Ndiyo maana mwongozo huu unatenganisha kazi mbili. Kupunguza tangi ni kazi moja, kuhama ni kazi nyingine, na katikati yake zipite wiki nne kwa uchache. Mnyama wa mwambani huweza kupata mshtuko mmoja na akapona. Wa pili ukimkuta hajapona ule wa kwanza, ndipo unapompoteza. Siku ya kuhama tunataka kubeba tangi dogo ambalo limekwisha kuzoea udogo wake. Mfano nitakaoutumia ni huohuo wa lita 200 kwenda lita 70. Vipimo vyako vikiwa tofauti, mpangilio ni uleule.

Wiki ya nane kabla ya kuhama: nani anabaki, nani anaondoka

Kabla ya kumhurumia mnyama yeyote, lielewe tangi dogo. Tangi la lita 70 likipoteza lita 2 kwa mvuke, chumvi inapanda kutoka gramu 35 hadi 36 kwa kila kilo ya maji. Katika lita 200, lita hizohizo 2 hazifikishi hata nusu ya badiliko hilo. Ni vivyo hivyo kwa chakula kilichobaki, konokono aliyekufa nyuma ya jiwe, au hita iliyokwama ikiwa imewaka. Kwa hiyo theluthi ya maji haimaanishi theluthi ya samaki. Punguza zaidi ya hapo.

Jozi ya samaki klauni, Amphiprion ocellaris, inaishi vizuri katika lita 70. Ongeza kisamaki kimoja cha chini kisichosumbua na kamba msafishaji mmoja, basi, hapo nyumba imejaa. Kangaja aondoke, hata kama bado ni mdogo, kwa sababu maisha yake yote ni kuogelea huku na huko akilisha, na ukuta wa kioo kila sentimita 60 ni kifungo kwake. Samaki mandarini, Synchiropus splendidus, aondoke pia, ingawa ni mdogo na mtulivu na watu wengi humbakiza kwa sababu hiyo. Yeye huokota vidudu vidogo kwenye mawe kutwa nzima. Ukipunguza mawe umepunguza shamba lake, naye atakonda polepole ndani ya maji masafi kabisa.

Kwa matumbawe, tatizo ni ujirani. Tumbawe la nyundo na ndugu zake wa jamii ya Euphyllia hurefusha mikono ya kuchoma usiku, na Galaxea hufika mbali zaidi. Matumbawe laini ya ngozi hayachomi hivyo, lakini huachia kemikali majini za kuwadumaza jirani zake, na maji yakiwa machache kemikali hizo huwa nzito zaidi. Katika tangi kubwa umbali ulikuwa unakusuluhishia ugomvi huu bila wewe kujua. Sasa umbali haupo. Ushauri wangu ni kuchagua kambi moja. Mimi hubakiza uyoga wa baharini (mnyama wa ukoo wa karibu na matumbawe, si uyoga wa kweli), zoanthidi (vinyama vya kundi vinavyofunguka kama maua madogo) na tawi moja la nyundo lililokaa peke yake upande mmoja, na naachana kabisa na Acropora, matumbawe magumu ya matawi, kwa kuwa hazitaki alkali ya maji iyumbe hata kidogo, na tangi dogo huyumba.

Huhitaji kuhama na kichaka kizima. Tumbawe lenye matawi hukatwa kwenye mfupa, chini ya nyama, kwa msumeno mwembamba au koleo la kukatia, kisha tawi likabandikwa kwenye kijiwe kwa gundi ya papo hapo iliyo nzito kama jeli. Chukua tawi, na kichaka mama umpe mfugaji mwenzako anayekaa palepale. Tawi lako likifa safarini, kuna mahali pa kurudi kuomba jingine. Hiyo ndiyo akiba bora ninayoijua katika ufugaji huu, na haikugharimu kitu ila kukubali kugawana.

Anemoni, yule mnyama laini mwenye mikono ya kuchoma anayejishika kwenye jiwe kwa mguu, nakushauri umwache. Mguu wake ukichanika wakati wa kumbandua hufa kwa kuoza, na anemoni akioza ndani ya lita 70 huondoka na wenzake. Kama huwezi kuachana naye, mhamishe pamoja na jiwe alilolishika, usimng'oe.

Wanaoondoka watafutie mtu mwenye tangi lililokomaa, na mwambie kila mmoja anakula nini na alikaa kwenye mwanga wa kiasi gani. Usimwachie hata mmoja baharini, hata kama bahari iko mlangoni na unaamini ndiko alikotoka. Pterois, wale samaki wenye mapezi ya miiba ya sumu, ni wa Bahari ya Hindi na Pasifiki, lakini mwaka 1985 walionekana pwani ya Florida, na leo wametapakaa Karibi nzima wakimaliza samaki wachanga. Mwani wa Caulerpa taxifolia ulionekana karibu na Monaco mwaka 1984, ukaenea Mediterania. Uliposhika kwenye pwani ya California mwaka 2000, ulichukua miaka sita kuangamizwa. Chanzo kinachotajwa katika visa hivi vyote ni matangi ya kufugia. Hata maji ya tangi na mawe unayoyatupa yasiingie mtoni wala baharini: mawe yaanike juani hadi yakauke kabisa, na maji yamwage kwenye mfereji wa maji machafu ya nyumbani.

Kama unahama kuvuka mpaka wa nchi, jambo hili lianze mapema kuliko yote. Matumbawe magumu, chaza wakubwa wa Tridacna na farasi wa baharini wamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, na kuwavusha bila kibali ni kosa hata kama ni wa kwako wa miaka kumi. Mara nyingi uamuzi wenye busara ni kuacha wanyama wote na kubeba vifaa tu.

Wiki ya saba na ya sita: mawe na mchanga

Subiri samaki wanaoondoka wawe wameondoka ndipo uguse mawe. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati, hawaishi majini kwa wingi. Wamejibandika kwenye mawe na mchanga. Ukitoa mawe samaki wakiwa bado wote, umepunguza wafanyakazi na kazi ikabaki ileile.

Kwa lita 70, mawe mepesi yenye matundu mengi ya kilo 7 hadi 10 yanatosha. Yale yaliyoshikwa na Aiptasia, vianemoni vile vya kahawia visivyokwisha, yawe ya kwanza kuondoka. Nafasi kama hii ya kuwaacha nyuma hutaipata tena.

Hapa kuna hatari ambayo ni lazima niitaje kwa uzito. Zoanthidi, hasa za jamii ya Palythoa, huweza kuwa na sumu iitwayo palitoksini, mojawapo ya sumu kali zaidi zinazotoka kwa viumbe hai. Jiwe lenye zoanthidi usilichemshe, usilimwagie maji ya moto, usilisugue kwa brashi kavu wala kulipuliza kwa mashine ya maji ya kasi. Watu wamelazwa hospitali, familia nzima, kwa kuvuta mvuke wa jiwe lililochemshwa ili lisafishike. Unapolikata au kulishika vaa glovu na miwani ya kukinga macho, fanya kazi likiwa chini ya maji, na kama una kidonda mkononi mpe mwingine kazi hiyo.

Mchanga wa zamani usiubebe. Kila unapobadilisha maji, nyonya robo ya mchanga kwa mpira, hadi kioo cha chini kionekane. Usiutoe wote kwa mara moja, na usiukoroge. Sehemu za chini zisizopata oksijeni huwa nyeusi na zina harufu ya yai viza, ambayo ni salfaidi ya hidrojeni, sumu kwa samaki hata ikiwa kidogo. Kwa tangi jipya tumia mchanga mpya ulioosha hadi maji yatoke safi bila ukungu, kisha nyunyizia juu yake viganja viwili vya mchanga safi wa tabaka la juu la zamani, ili wadudu wadogo wapate mbegu.

Wiki ya tano: kuhamia tangi dogo

Lijaze tangi dogo maji ya kawaida na uliache saa 24 juu ya meza iliyo sawa, ukikagua kila pembe kama inavuja. Litoe maji, likaushe, liweke karibu na tangi la zamani.

Siku moja kabla, changanya maji mapya ya chumvi kiasi cha lita 40. Anza na maji yaliyochujwa kwa mtambo wa osmosi, washa pampu na hita, kisha ongeza chumvi kidogo kidogo, gramu 35 hadi 38 kwa lita kutegemea unyevu wa chumvi yako. Chumvi iingie kwenye maji, kamwe maji yasimwagwe juu ya chumvi, kwani kalsiamu itaganda kuwa unga mweupe na haitayeyuka tena. Kipimo cha mwisho kifanane na cha tangi la zamani, siyo na cha kitabuni. Kama umekuwa ukifuga kwenye uzito wa maji 1.024 (yaani ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi), changanya 1.024, kurekebisha kuna wakati wake.

Asubuhi ya kazi, usiwalishe samaki. Zima hita na uiache ipoe dakika 20 ndani ya maji kabla ya kushusha maji, maana hita ya kioo ikibaki hewani ikiwa ya moto hupasuka. Kisha fuata mpangilio huu, na usiuruke:

1. Nyonya lita 40 hivi za maji ya juu, yaliyo safi, uziweke kwenye ndoo ambazo hazijawahi kuonja sabuni. Fanya hivi kabla hujasogeza jiwe lolote. Huu ndio unafuu wa anayepunguza: maji ya zamani unayo zaidi ya unavyohitaji, basi chagua mazuri tu.
2. Toa matumbawe. Yenye nyama iliyovimba yaguse taratibu au yapungie maji kwa mkono hadi yanywee, ndipo uyainue. Yakitolewa yakiwa yamejaa maji, uzito wake huchana nyama kwenye ncha kali za mfupa. Sifongo zisitoke hewani kabisa, kwa kuwa hewa hunasa ndani yake na sehemu hiyo hufa.
3. Toa mawe, uyasukesuke ndani ya ndoo ya maji ya tangi ili uchafu udondoke, kisha yaingize kwenye tangi dogo. Weka mawe kwanza juu ya kioo, mchanga baadaye kuyazunguka, ili kamba mchimbaji asije akaliangusha jiwe.
4. Jaza nusu maji ya zamani na nusu mapya. Washa pampu na hita. Subiri maji yawe kati ya nyuzi 25 na 26.
5. Samaki ndio wa mwisho. Maji ya zamani yakibaki sentimita 15 na mawe hayapo, mtawakamata kwa dakika mbili bila kukimbizana.

Taa iwashe kwa nusu ya nguvu. Katika tangi fupi matumbawe yako karibu zaidi na taa kuliko zamani, na kuungua kwa mwanga huonekana siku kadhaa baadaye, wakati mtu ameshaanza kulaumu maji. Ongeza asilimia 10 kila wiki. Weka mfuko mdogo wa mkaa hai (mkaa maalumu wa kuchujia maji, si wa moto) kunyonya zile kemikali za matumbawe laini.

Usiliuze tangi kubwa wiki hiyo. Liache tupu, safi, kwa siku 14 hivi. Ukiona amonia imepanda ghafla utafurahi kuwa na mahali pa kukimbilia.

Wiki nne za kutulia

Pima amonia kila siku kwa wiki ya kwanza. Inatakiwa iwe sifuri. Ikionekana, badilisha robo ya maji siku hiyohiyo na upunguze chakula. Baada ya hapo kazi kubwa ni kurudisha maji yanayopotea kwa mvuke, kila siku, kwa maji yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi haiondoki na mvuke. Chora mstari kwa kalamu kwenye kioo, maji yasishuke chini ya mstari huo. Alkali ikae kati ya 8 na 9 kwa kipimo cha dKH, kalsiamu karibu miligramu 400 hadi 450 kwa lita. Usilolipima usilitilie dawa.

Wiki hizi ndizo utakazojua kama ulichagua vizuri. Tawi la nyundo likifunguka kila asubuhi na samaki wakila kwa pupa, safari imeiva. Ukiona jambo halijakaa sawa, bado una muda wa kumpa mtu mnyama mmoja zaidi, na utampa bila papara.

Siku ya kuhama

Siku moja kabla usiwalishe samaki kabisa. Samaki mwenye tumbo tupu huchafua mfuko wake kidogo sana. Andaa lita 40 za maji mapya ya akiba, uyasafirishe kwenye madumu. Watu wengi hupanga kuyachanganya wakifika, halafu wakakuta nyumba mpya haina umeme bado.

Tangi lisisafirishwe na maji hata kama ni dogo na gari ni la rafiki. Lita 10 tu ni zaidi ya kilo 10 zinazocheza huku na huku, na gundi ya pembe za kioo haikutengenezwa kuvumilia kupindwa hivyo. Mchanga, kwa kuwa safari hii ni mpya na safi, unaweza kubaki ndani ukiwa umefunikwa maji kidogo tu, kwa tangi la ukubwa huu na mikono miwili imara. Mawe yatoke yote, kwa sababu jiwe moja likianguka linatosha kupasua kioo.

Samaki kila mmoja kwenye mfuko wake, mifuko miwili minene mmoja ndani ya mwingine, theluthi moja maji na theluthi mbili hewa. Hewa ndiyo inayobeba oksijeni ya safari. Kamba naye apewe mfuko wake. Matumbawe yawe na maji ya kuyafunika yote, kila moja peke yake, yasisuguane. Mawe yaende ndani ya ndoo zenye mfuniko, yakiwa yamezama. Kwa safari ya saa moja au mbili hata magazeti yaliyoloweshwa maji ya tangi yanatosha. Vyote viingie kwenye kasha lenye kuta za kuzuia joto, giza likiwa ndani, na pampu ndogo ya hewa ya betri iwe karibu kwa ajili ya ndoo za mawe.

Kasha hilo liwe la mwisho kupakiwa na la kwanza kushushwa, nalo lipande gari unalopanda wewe. Nguo na vyombo vinaweza kusubiri kwenye lori.

Ukifika, tafuta kwanza mahali: sakafu iliyo sawa, mbali na dirisha lenye jua, karibu na plagi, na nyaya za umeme zikining'inia chini ya plagi kabla hazijapanda, ili tone la maji lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye soketi. Mawe, maji, pampu, hita. Matumbawe. Mifuko ya samaki ielee juu ya maji dakika 15 hadi 20 ilingane joto. Kama safari ilikuwa ya saa nyingi, ukishafungua mfuko usikae ukimdondoshea samaki maji tone kwa tone kwa saa nzima. Ndani ya mfuko uliofungwa hewa chafu hushusha pH (kipimo kinachoonyesha maji yana asidi au alkali; kikishuka, asidi imezidi), na amonia iliyomo huwa haina makali. Ukifungua, pH hupanda na amonia inageuka sumu samaki akiwa bado ndani yake. Linganisha chumvi mapema kwa kuandaa maji yenye kipimo kilekile, kisha mtoe kwa kimia umwingize tangini, na maji ya mfuko uyamwage.

Taa usiwashe hadi kesho. Chakula kidogo siku ya pili.

Siku za mwanzo katika nyumba mpya

Pima amonia asubuhi na jioni kwa siku tatu, na joto la maji usiku wa manane mara moja, kwani hujui chumba hicho kinapoa kiasi gani watu wakilala. Zoanthidi zinaweza kujifunga siku mbili tatu na uyoga ukasinyaa, waache. Nyundo ikibaki imefumbata hadi siku ya tano, angalia kwanza mkondo wa pampu, maana mara nyingi pampu imeelekezwa tofauti na ilivyokuwa. Usihamishe tumbawe kutoka sehemu moja kwenda nyingine kila siku ukilitafutia raha. Lipe wiki nzima mahali pamoja.

Mnyama mpya asiingie kabla ya wiki sita kupita. Mimi hutumia muda huo kuandika kwenye daftari vipimo vya kila Jumapili, na ukurasa wa kwanza wa daftari la tangi hili una namba ya simu ya yule niliyemwachia kichaka mama.